Bawabu Mlangoni mwa Tovuti: Namna Proksi ya Kinyume Inavyoipunguzia Seva Mzigo



Wapendwa wasomaji, wengi wenu mmewahi kuona jambo hili. Ni Jumapili ya Matawi, mwisho wa Misa, na msomaji wa matangazo anasema kwamba ratiba ya Juma Kuu imewekwa kwenye tovuti ya parokia. Kabla watu hawajafika getini, simu zimeshatoka mifukoni. Watu hamsini wanafungua tovuti ile ile ndani ya dakika ile ile. Kichwa cha ukurasa kinaonekana, picha ya kanisa haionekani, kiduara kinazunguka, kisha kila kitu kinakwama. Mtu anajaribu mara ya pili na ya tatu. Kifurushi kinakwisha na ratiba hajaiona.

Lawama ya kwanza hupewa mtandao. Ya pili hupewa seva: "Ni ndogo, tununue kubwa zaidi." Lakini mara nyingi seva inatosha. Shida ni kwamba sehemu yake iliyo ghali kuliko zote inafanyishwa kazi ambayo ingeweza kufanywa na mtumishi mwepesi zaidi. Katika makala hii nataka kumweleza mtumishi huyo, ambaye mafundi humwita proksi ya kinyume: ni nani, anafanya nini, na ni wapi anaweza kutuletea madhara tukimwachia kila kitu bila kufikiri.

Ukurasa mmoja, vitu vya aina mbili

Tunapofungua ukurasa wa tovuti tunaona kitu kimoja, lakini simu yetu imeomba vitu vingi. Kwanza imeomba ukurasa wenyewe, yaani maneno na mpangilio wake. Baada ya kuusoma, inagundua kwamba unahitaji nembo ya parokia, picha za Kipaimara, faili la rangi na mitindo, herufi maalumu, na programu ndogo za kufungua menyu. Kwa ukurasa wa kawaida, maombi thelathini si ajabu.

Maombi hayo ni ya aina mbili. Aina ya kwanza yanahitaji akili. Ukitaka kuona matangazo ya wiki hii, programu ya tovuti lazima iulize hifadhidata, ichague yanayohusika, iyapange, ndipo itengeneze ukurasa papo hapo. Aina ya pili hayahitaji akili yoyote. Nembo ya parokia ni ile ile asubuhi na jioni, kwa paroko na kwa mtoto wa Utoto Mtakatifu. Hakuna cha kuamua. Ni kuichukua kwenye diski na kuikabidhi. Haya ndiyo mafaili tuli: picha, mitindo, herufi, vijitabu vya PDF, sauti za kwaya.

Sasa fikirini ofisi ya gombera. Wageni ishirini wamefika asubuhi. Mmoja anataka kuzungumza naye juu ya mwanawe anayetaka kujiunga na seminari. Wengine kumi na tisa wanataka fomu, kalenda au namba ya akaunti ya michango. Kama seminari haina mtu mlangoni, wote wanapanga mstari mbele ya ofisi ya gombera, naye anaacha kusoma barua ili akatafute kalenda kabatini. Atafanya kazi kutwa nzima na mzee mwenye shauri la kweli ataondoka bila kumwona.

Mwekeni frateri wa zamu mlangoni, pamoja na meza yenye fomu na kalenda. Wale kumi na tisa watahudumiwa pale pale. Mzee atapokelewa na shauri lake litapelekwa ndani. Gombera ni yule yule, ofisi ni ile ile, lakini nyumba nzima imepumua.

Kwa nini inaitwa "ya kinyume"

Proksi ni wakala: anayesimama badala ya mwingine. Wazo hili si geni kwetu, kwani Sheria za Kanisa zinaruhusu hata ndoa ifungwe kupitia mwakilishi kwa masharti yaliyowekwa.

Proksi ya kawaida husimama upande wa wanaouliza. Katika shule au ofisi nyingi, kompyuta zote hutoka kwenda intaneti kupitia kompyuta moja, ambayo huuliza kwa niaba yao na kuwaletea majibu. Proksi ya kinyume imegeuzwa upande: husimama mbele ya wanaojibu. Msomaji anadhani anaongea na tovuti, kumbe anaongea na bawabu wake. Bawabu akiwa na jibu mkononi, analitoa. Asipokuwa nalo, anaipelekea programu iliyo nyuma yake, anapokea jibu, kisha anamkabidhi msomaji. Msomaji haingii ndani ya nyumba.

Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni nginx. Ilianzishwa mwaka 2002 na mhandisi Mrusi Igor Sysoev, na ikatolewa kwa umma mwaka 2004. Wakati huo wataalamu walikuwa wakisumbuliwa na swali moja: seva moja inawezaje kuhudumia miunganisho 10,000 kwa wakati mmoja? Seva nyingi za siku zile zilimtengea kila mgeni mtumishi wake. Wageni wakizidi, watumishi huzidi, na kumbukumbu ya kompyuta hujaa.

Nginx ilichukua njia ya mama lishe mzoefu. Mama lishe hasimami mezani akisubiri mteja amalize wali ndipo amhudumie mwingine. Anaweka sahani, anageukia meza ya pili, anapokea hela ya meza ya tatu, anarudi ya kwanza anapoitwa. Vivyo hivyo mtenda kazi mmoja wa nginx hushika maelfu ya miunganisho, akigusa ule tu ulio na jambo la kufanywa wakati huo.

Hesabu ndogo

Tuchukue mfano wa kurahisisha. Programu ya tovuti ina watenda kazi wanne. Watu hamsini wanafungua ukurasa ndani ya dakika moja, na kila ukurasa una maombi 31: moja la ukurasa wenyewe na 30 ya mafaili tuli. Jumla ni maombi 1,550.

Tuseme programu inashughulikia yote, na kila ombi linamshika mtenda kazi kwa sekunde 2, kwa sababu simu iko kwenye mtandao dhaifu na inapokea polepole. Hizo ni sekunde 3,100 za kazi. Tukizigawa kwa wanne, tunapata sekunde 775, yaani karibu dakika 13. Hakuna mtu atakayesubiri dakika 13 akiwa amesimama juani nje ya kanisa.

Sasa tuweke bawabu. Maombi 1,500 ya mafaili tuli yanaishia kwake. Yanayofika ndani ni 50 tu. Tena hapa kuna faida ya pili ambayo watu huisahau. Programu ikimaliza kuandika ukurasa, inamkabidhi bawabu mara moja, kwa sababu bawabu yupo jirani naye hana mtandao dhaifu. Kazi ya kuupeleka polepole hadi kwenye simu ya msomaji ni ya bawabu. Kama kutengeneza ukurasa mmoja kunachukua sehemu mbili za kumi za sekunde, kurasa 50 ni sekunde 10 za kazi. Kwa watenda kazi wanne, ni sekunde mbili na nusu.

Seva haikuongezwa ukubwa. Kilichobadilika ni nani anafanya nini. Ndiyo maana watunzi wa Django, mfumo maarufu wa kuandikia tovuti kwa lugha ya Python, wanaonya katika mwongozo wao kwamba njia yake ya kutoa mafaili tuli ni ya fundi anapojaribisha kazi yake, si ya tovuti inayotumiwa na watu.

Bawabu anatoaje haraka hivyo?

Kwanza, hachukui njia ndefu. Programu ya kawaida inayotoa picha huisoma kutoka kwenye diski, huiweka kwenye kumbukumbu yake, kisha huinakili tena kuelekea mtandaoni. Nginx inaweza kuuambia mfumo endeshi wa kompyuta: "Lipeleke faili hili moja kwa moja kwenye muunganisho huu." Faili haliingii kabisa katika kumbukumbu ya programu. Na kama limeombwa hivi karibuni, kwa kawaida mfumo endeshi bado unalo katika kumbukumbu yake, hata diski haiguswi.

Pili, anaweza kubana maneno kabla ya kuyatuma. Mafaili ya maandishi, kama mitindo na kurasa, hurudia maneno mengi, hivyo yakibanwa mara nyingi hubaki theluthi moja au chini ya hapo. Picha za JPEG zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa, na kuzibana tena ni kupoteza nguvu. Picha ya MB 4 iliyotoka kwenye kamera lazima ipunguzwe na sisi wenyewe kabla ya kuiweka kwenye tovuti. Hakuna bawabu wa kututendea hilo bila kuagizwa.

Tatu, na hili ndilo linalomgusa msomaji mfukoni, anaweza kuiambia simu ya msomaji itunze nakala. Pamoja na faili hutumwa agizo dogo: "Litunze hili kwa muda fulani." Kesho msomaji akirudi, simu haiombi tena nembo wala mitindo, inatumia nakala iliyo nayo. Hakuna ombi, hakuna kusubiri, hakuna MB iliyoliwa. Kwa mama anayenunua kifurushi kidogo cha siku, hili si jambo la kitaalamu. Ni haki yake. Tukimfanya apakue nembo ile ile kila siku, tunatumia hela yake bila ruhusa.

Kosa nililofanya

Hapa lazima nikiri kosa langu. Wakati wa likizo niliwahi kusaidia kutunza tovuti ya parokia moja. Nilifunga proksi ya kinyume, tovuti ikawa nyepesi, nikajisifu moyoni. Katika bidii yangu niliandika kanuni moja kwa mafaili yote: simu zitunze nakala kwa siku 30. Miongoni mwa mafaili hayo ilikuwamo ratiba ya Juma Kuu, faili la PDF.

Jumapili ya Matawi watu waliifungua. Ratiba ilisema Mkesha wa Pasaka utaanza saa 4 usiku. Jumatatu paroko aliamua Mkesha uanze saa 1 na nusu usiku, ili wanaotoka vigango vya mbali wapate usafiri wa kurudi. Nikatengeneza ratiba mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile. Nikafungua kwenye kompyuta yangu, nikaiona mpya. Nikaridhika.

Usiku wa Mkesha, waamini wakiwa kwenye mstari wa Komunyo, aliingia bibi mmoja amevaa kitenge kipya. Alikuwa amekaa kwa mwanawe mjini wiki ile, hakuwepo Ijumaa Kuu mabadiliko yalipotangazwa. Mjukuu wake wa ukoo alikuwa ameshabatizwa. Baada ya Misa alinionyesha simu. Ratiba ya zamani ilikuwa pale, safi kabisa, saa 4 usiku. "Frateri," aliniambia, "mimi nilisoma kwenye tovuti yenu."

Sikuwa na la kujibu. Simu yake ilikuwa imetii agizo nililolitoa mimi. Iliambiwa itunze nakala siku 30, ikaitunza.

Somo nililopata ni hili: si kila faili tuli ni tuli kwa namna moja. Ratiba haibadiliki kulingana na anayeiomba, lakini inabadilika kwa wakati. Katika falsafa tunafundishwa kutofautisha kabla ya kuhitimisha. Mimi nilihitimisha kabla ya kutofautisha. Tangu hapo nimegawa mafaili katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni mafaili ambayo jina lake hubadilika kila yanapobadilika. Ndani ya jina huwekwa herufi na tarakimu zinazotokana na yaliyomo, kama alama ya kidole. Yaliyomo yakibadilika hata kwa nukta moja, jina linakuwa jingine, na ukurasa unaomba jina jipya. Haya simu inaweza kuyatunza mwaka mzima bila hofu.

Kundi la pili ni mafaili ambayo watu wanayajua kwa jina lisilobadilika: ratiba, matangazo, fomu. Kwa haya agizo ni: "Tunza nakala ukitaka, lakini usiitumie kabla ya kuuliza." Simu huuliza kama nakala yake bado ni sahihi. Ikiwa bado, seva hujibu kwa namba 304, yaani halijabadilika, na faili halitumwi tena. Swali na jibu ni vidogo sana. Kwa gharama hiyo ndogo, bibi yule angefika kwa wakati.

Tahadhari nyingine

Kwa wale wanaotunza tovuti za parokia, vyama vya kitume au kwaya, naongeza mambo manne.

1. Msimpe bawabu funguo za nyumba nzima. Wekeni mafaili ya umma katika folda yake peke yake, na bawabu aelekezwe huko tu. Katika nginx, kusahau mkwaju mmoja mwishoni mwa njia ya anwani inayoelekezwa kwenye folda kunaweza kumruhusu mtu mjanja apande hadi folda ya juu, ambako pengine kuna nywila ya hifadhidata.

2. Msitunze kurasa za mtu binafsi. Bawabu anaweza pia kutunza kwa muda kurasa zinazotengenezwa na programu. Ukurasa wa mwanzo ukitunzwa kwa dakika moja tu, watu hamsini wa dakika ile wanaweza kuhudumiwa kwa kuutengeneza mara moja. Lakini kama mfumo wenu unaonyesha zaka ya kila familia, ukurasa wa familia moja ukitunzwa kizembe unaweza kuonyeshwa kwa familia nyingine. Siri ikishatoka hairudi.

3. Bawabu amtaje mgeni. Kwa kuwa kila ombi linafika kwa programu kupitia kwake, programu huona anwani ya bawabu tu, kana kwamba mtu mmoja ndiye anayebisha hodi kutwa nzima. Mwagizeni aambatanishe anwani halisi ya mgeni, na programu iagizwe kumwamini bawabu huyo peke yake.

4. Kumbukeni kwamba bawabu akianguka, mlango umefungwa. Kabla ya kuwasha upya proksi baada ya kubadilisha kanuni zake, zijaribiwe kwanza kama zimeandikwa sawasawa. Na mtu wa pili ajue zilipo. Nyumba isitegemee frateri mmoja ambaye likizo yake ina mwisho.

Shauri la Yethro

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa anakaa tangu asubuhi hadi jioni akiwaamulia watu, nao wanasimama wakimsubiri. Yethro, mkwewe, anatazama na kumwambia kwamba jambo hili si jema: atachoka yeye na watachoka watu. Anamshauri achague wasimamizi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mashauri madogo waamue wao, na yaliyo magumu yaletwe kwa Musa. Ukiisoma sura hiyo ukiwa na seva iliyokwama mbele yako, unaona ni kisa kile kile.

Kanisa lina jina la hekima hii: kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno. Ngazi ya juu isiichukulie ngazi ya chini kile ambacho hiyo inaweza kukitenda vema yenyewe. Kanuni hiyo ilitolewa kwa ajili ya jamii ya watu, si ya mashine, na sitaki kuilazimisha. Lakini inatukumbusha kwamba kugawana kazi vizuri ni namna ya kuwaheshimu wanaosubiri.

Na asidhani mtu kwamba kazi ya mlangoni ni duni. Mtakatifu Benedikto aliitengea sura nzima ya Kanuni yake, ya 66, akitaka mlangoni awekwe mzee mwenye busara, anayejua kupokea neno na kurudisha jibu. Mtakatifu Konrad wa Parzham, Mkapuchini, alikuwa bawabu wa konventi ya Altötting, Ujerumani, kwa zaidi ya miaka 40, na ni katika kazi hiyo alitakatifuka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Anayefungua tovuti ya parokia ni mgeni aliyebisha hodi. Afunguliwe upesi, asipotezewe hela yake, na jibu atakalopewa mlangoni liwe la kweli. Upesi bila ukweli nimeuona mwenyewe usiku ule wa Mkesha. Bibi yule alinisamehe, akanishika mkono na kuniambia nimwonyeshe mtoto. Tulikwenda pamoja hadi penye kisima cha Ubatizo, ambapo familia ilikuwa bado inapiga picha.

Mungu awabariki nyote.